Karo ya Kweli ni Lugha: Muhula Mmoja Ujerumani

Yafuatayo ni maandishi ya hotuba iliyotolewa Khunyangu, Kaunti Ndogo ya Butula, mbele ya wazazi, walimu na wanafunzi wa shule za upili na vyuo vya ufundi. Mzungumzaji ni mwanafunzi wa chuo kikuu, mzaliwa wa eneo hili, aliyerejea nyumbani baada ya kusoma muhula mmoja katika Chuo Kikuu cha Bayreuth nchini Ujerumani. Tunaichapisha kwa manufaa ya familia zinazofikiria kuwapeleka watoto wao kusoma ng'ambo.

  

Tangu nirudi nyumbani nimeulizwa maswali matatu. Nimeulizwa sokoni, kanisani, na hata matangani. La kwanza: "Ulitoa pesa ngapi?" La pili: "Ni nani aliyekupeleka?" La tatu: "Na wangu je, unaweza kumpeleka?" Nimejaribu kuwajibu wote kwa heshima. Lakini hakuna hata mmoja aliyeniuliza: "Kijerumani ulijifunza kwa muda gani?" Na hilo ndilo swali ambalo jibu lake lingewasaidia zaidi.

Leo nimekuja na jambo moja tu. Ujerumani, karo inayolipwa kwa pesa ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Karo kubwa ni lugha. Karo hiyo hailipwi benki, hailipwi na mjomba, hailipwi kwa kuuza shamba. Inalipwa na mwanafunzi mwenyewe, kwa miezi mingi, akiwa bado yuko hapa Kenya. Anayewaambia vinginevyo anataka kuwauzia kitu.

Nianze kwa kueleza nilikokuwa. Bayreuth ni mji wa watu wapatao 75,000, kaskazini mwa jimbo la Bavaria. Dunia inaujua kwa tamasha la muziki wa Wagner lililoanza mwaka 1876. Sisi Waafrika Mashariki tuna sababu nyingine ya kuujua: chuo kikuu chake, kilichofunguliwa mwaka 1975, kimejijengea jina katika masomo ya Afrika, na tangu mwaka 2019 kinashirikiana na Chuo Kikuu cha Moi, hapo Eldoret, katika mradi mkubwa wa utafiti kuhusu Afrika. Kwa hiyo mlango wa kwenda huko hauko mbali na sisi. Kutoka Khunyangu hadi Eldoret ni safari ya nusu siku kwa matatu.

Mwaka wa chuo Ujerumani una mihula miwili. Muhula wa majira ya baridi huanza Oktoba na kumalizika Machi. Ule wa majira ya joto huanza Aprili na kumalizika Septemba. Mihadhara yenyewe huchukua takriban wiki kumi na nne au kumi na tano, kisha unabaki muda mrefu bila vipindi. Wengi hapa wakisikia hivyo husema, "Basi mna likizo ndefu!" Hapana. Katika muda huo ndipo unapoandika insha ndefu za utafiti, kurasa kumi na tano au ishirini kila moja, peke yako, maktabani. Mzigo wa kawaida wa muhula mmoja ni pointi 30, na kila pointi moja inahesabiwa kuwa kazi ya saa 25 hadi 30. Pigeni hesabu: hata kwa kiwango cha chini, hizo ni saa 750. Muhula mmoja unasikika mfupi mpaka uuingie.

Sasa tuzungumze kuhusu pesa, kwa sababu najua ndizo zimewaleta wengine.

Vyuo vikuu vingi vya umma Ujerumani havitozi karo ya masomo, hata kwa mgeni. Mwanafunzi hulipa ada ya muhula, ambayo kwa kawaida ni kati ya yuro 100 na 400, na mara nyingi humsaidia pia kwa nauli ya basi na treni. Yapo mambo ya kuangalia. Jimbo la Baden-Württemberg, tangu mwaka 2017, linawatoza wanafunzi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya yuro 1,500 kwa kila muhula. Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich nacho sasa kinatoza karo. Vyuo vya binafsi hutoza pesa nyingi. Kwa hiyo usiulize tu, "Ni Ujerumani?" Uliza ni jimbo gani, chuo gani, na kama ni cha umma.

Lakini kutotoza karo hakumaanishi kuwa kuishi ni bure. Anayeomba visa ya masomo lazima aonyeshe kwamba ana uwezo wa kujikimu. Kama hana ufadhili, njia ya kawaida ni kufungua akaunti maalumu inayofungwa, na kuweka humo pesa za mwaka mzima. Tangu Septemba 2024 kiwango ni yuro 11,904. Ukikadiria yuro moja kwa shilingi 150, hizo ni takriban shilingi milioni 1.8. Akishafika, mwanafunzi anaruhusiwa kutoa yuro 992 kila mwezi, si zaidi, hadi ziishe. Pesa hizo ndizo kodi ya nyumba, ndizo chakula, ndizo bima ya afya, ambayo ni lazima.

Wazazi wangu, naomba mshike neno hili hata mkisahau mengine yote: akaunti hiyo inafunguliwa kwa jina la mwanafunzi mwenyewe, na pesa zilizomo ni zake. Si za wakala. Mtu yeyote anayekuambia utume hizo milioni kwenye akaunti yake, au kwa simu yake, ili yeye "akufungulie", huyo hakutakii mema.

Mimi nilikwenda kwa njia ya mabadilishano kati ya vyuo. Nilibaki mwanafunzi wa chuo changu cha hapa Kenya, nikalipa karo yangu hapa kama kawaida, na ufadhili ukalipia nauli na matumizi ya miezi ile. Njia hiyo haivumi sana kwa sababu haina wakala. Ni mwanafunzi, ofisi ya mambo ya kimataifa ya chuo, na fomu. Na kila fomu ilikuwa na sehemu moja iliyoamua yote: kiwango chako cha lugha.

Viwango hivyo vinaanza A1, kisha A2, B1, B2, C1, hadi C2. A1 ni kujitambulisha na kununua mkate. B1 ni kujieleza katika maisha ya kawaida. C1, au karibu na hapo, ndicho kinachotakiwa kwa kawaida na anayetaka kusoma shahada nzima kwa Kijerumani. Kozi za Kiingereza zipo, hasa katika shahada ya uzamili. Lakini shahada nyingi za kwanza katika vyuo vya umma hufundishwa kwa Kijerumani.

Goethe-Institut, ambayo ina tawi Nairobi, inakadiria kwamba kufika B1 kunahitaji vipindi 350 hadi 650 vya dakika 45, na kufika B2 vipindi 600 hadi 800. Chukueni penseli. Ukisoma vipindi kumi kila wiki, bila kukosa, B2 itakuchukua wiki 60 hadi 80. Huo ni mwaka mmoja na zaidi, kwa mtu mwenye bidii. Sasa akija mtu na gari lake hapa Butula akasema kijana wako atakuwa darasani Ujerumani baada ya miezi mitatu, nawe unajua kijana huyo hajui hata kuhesabu hadi kumi kwa Kijerumani, huhitaji polisi kukuambia ukweli. Hesabu imeshakuambia.

Nimesema hivi kwa sababu nimeona. Kuna familia, si mbali na hapa, iliyouza nusu eka ili kumlipa mtu aliyeahidi visa. Visa haikuja. Mtu yule simu yake haipatikani. Shamba lina mwenyewe mpya, na amekwisha panda mihogo. Kijana yuko nyumbani, na kila akipita mpakani mwa lile shamba hutazama upande mwingine. Sitawataja. Nawaomba tu tusiongeze familia ya pili.

Sasa niwaambie lugha yenyewe ilivyonipokea.

Nilikuwa nimefaulu mitihani hapa Kenya. Nilijiona nimeiva. Kisha nikaingia duka la mikate Bayreuth, na mama aliyekuwa akiuza akasema maneno ambayo hayakuwa katika kitabu changu chochote. Watu wa kule wana lafudhi na maneno yao. Hawasalimiani kama kitabu kinavyofundisha. Ni kama mgeni aliyejifunza Kiswahili sanifu Dar es Salaam, kisha umshushe Malaba katikati ya foleni ya malori, madereva wakibishana na makondakta. Kiswahili ni kile kile, lakini atahitaji wiki mbili kabla ya kupumua.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba sisi watu wa mpakani tuna mtaji ambao hatuuhesabu. Mtoto wa Kaunti ya Busia hukua na Kimarachi au Kisamia au Kinyala au Kikhayo nyumbani, akasikia Kiteso kwa jirani, akajifunza Kiswahili na Kiingereza shuleni, na siku ya soko Busia akasalimu kwa Kiganda ili apunguziwe bei. Mtoto anayewauzia madereva njugu pale Malaba hajawahi kusubiri ajue lugha yote ndipo aifungue midomo. Anatumia maneno matano aliyo nayo, anapata shilingi kumi, na kesho ana maneno sita. Darasani Bayreuth nilikuwa na wenzangu waliojua sarufi kuniliko mimi, lakini walikaa kimya kwa kuogopa kuchekwa. Sisi hatukulelewa hivyo. Vijana, msiionee haya lafudhi yenu. Lafudhi ni ushahidi kwamba mna lugha nyingine nyumbani.

Lakini Kijerumani kilinifunza jambo ambalo mpakani hatulijui sana: kusubiri. Kwa Kiswahili, mtu akisema "sitakuja", umeshajua kila kitu kwa silabi ya kwanza. Lile "si" limekuambia hakuna safari. Kwa Kijerumani mtu anaweza kukuambia kwamba yeye anakuja kesho, na neno la kukanusha likaja mwisho kabisa wa sentensi. Na mara nyingi kitenzi chenyewe kinangoja mwisho. Ukimkatiza mtu katikati, hujui alitaka kusema anakuja au haji, anauza au ananunua. Kwa hiyo watu husikilizana mpaka nukta. Mwanzoni nilidhani ni ubaridi. Baadaye nikaona ni lugha yenyewe inayowalazimisha, na si tabia mbaya ya kujifunza.

Kuna jambo jingine. Wana namna mbili za kumwambia mtu "wewe". Moja ni ya rafiki, ndugu na mtoto. Nyingine ni ya mtu unayemheshimu au usiyemjua. Wenzangu kutoka nchi nyingine walitaabika kujua watumie ipi. Mimi nilijiambia hivi: je, huyu ningeweza kukaa naye kiti kimoja kama angekuwa mkwe wangu? Kama hapana, basi ni ile ya heshima. Sikupata tabu tena.

Chuoni nako kulikuwa na mambo. Ratiba ikisema saa nne, mhadhara mara nyingi unaanza saa nne na robo. Ile robo ni desturi ya zamani ya vyuo vyao, na kila mtu anaijua isipokuwa mgeni. Lakini ikifika robo, mlango umefungwa. Mhadhara ukiisha, wanafunzi hawapigi makofi, wanagonga meza kwa vifundo vya vidole. Alama bora kabisa ni 1.0, na ukipata 4.0 umepita kwa kujikwaruza. Nilipompigia mama simu nikamwambia nimepata 1.7, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Usivunjike moyo, mwanangu, utajaribu tena." Ilinichukua muda kumshawishi kwamba anapaswa kushangilia.

Kilichonibadilisha zaidi ni semina. Mnakaa watu kumi na watano, mmesoma makala moja nyumbani, na profesa hakuja kuwapa maandishi ya kunakili. Amekuja kuuliza, "Mnakubaliana na mwandishi huyu?" Kimya si heshima pale; kimya kinaonekana kama hukusoma. Wiki tatu za kwanza nilisema neno moja moja. Wiki ya nne mwandishi tuliyekuwa tukimsoma alieleza mpaka wa Kenya na Uganda kana kwamba ni ukuta. Nikanyosha mkono. Nikaeleza kwamba nyumbani kwetu kuna ukoo wenye shamba upande huu na makaburi ya mababu upande ule; kwamba mama huvuka kununua ndizi asubuhi na kurudi kupika mchana; kwamba tangu mwaka 2018 pale Busia tuna kituo cha pamoja ambamo maafisa wa nchi zote mbili hukaa chini ya paa moja. Nikawaambia pia neno "boda boda", ambalo leo linatumika Afrika Mashariki yote, chanzo chake ni baiskeli zilizokuwa zikibeba watu kutoka mpaka mmoja hadi mwingine hapa kwetu. Profesa aliandika neno hilo ubaoni. Kijerumani changu siku ile kilikuwa na vilema vingi. Hakuna aliyevihesabu, kwa sababu nilikuwa na jambo la kusema.

Vijana, mlione hili. Hamtakwenda ng'ambo mkiwa mikono mitupu. Mnayoyajua kuhusu kwenu, kama mnayajua vizuri, ni elimu. Asiyejua historia ya Butula hatapata cha kusema Bayreuth.

Wala si sisi wa kwanza kwenda kule tukiwa na cha kufundisha. Mwaka 1887 ilifunguliwa taasisi Berlin ya kufundisha lugha za Mashariki na Afrika, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwake, kwa sababu wakoloni walihitaji maafisa wanaokijua. Mwaka 1900 alifika hapo Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, kufundisha Kiswahili. Maandishi yake yamo katika kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichochapishwa mwaka 1903, lakini jina lililotangulia mbele ya kitabu lilikuwa la Mjerumani Carl Velten. Mwaka 1904 Mtoro alimwoa Mjerumani. Mwaka uliofuata walisafiri kurudi pwani, na serikali ya kikoloni ikawazuia kushuka Dar es Salaam wakiwa mume na mke. Wakarudi Ujerumani, na huko ndiko alikofariki, Berlin, mwaka 1927.

Nawasimulia habari hiyo kwa sababu mbili. Kwanza, mjue kwamba Kiswahili chetu kina thamani kule hadi leo. Kinafundishwa Bayreuth, Leipzig na kwingineko. Mshairi wetu wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, alikifundisha Leipzig kwa miaka mingi. Kongamano la Kiswahili limekuwa likifanyika Bayreuth tangu mwaka 1987. Nimekaa na wanafunzi wa Kijerumani wakiniuliza kwa nini tunasema "kifaru amelala" na si "kifaru kimelala", nami nikalazimika kurudi maktabani kutafuta namna ya kueleza lugha niliyodhani naijua. Mwanafunzi anayeidharau Insha yake ya Kiswahili hapa, mwambieni kuna watu wanaopanda treni usiku kwenda kuisoma.

Pili, ili nisiwadanganye. Kule si peponi. Kuna mwenye nyumba mmoja ambaye asubuhi, kwa simu, alikuwa na chumba. Jioni niliposimama mlangoni, chumba kikawa kimechukuliwa. Kuna siku kiti cha jirani yangu kwenye basi kilibaki wazi huku watu wamesimama. Pia kuna mzee wa ghorofa ya chini aliyeniletea koti zito la marehemu mkewe alipoona naondoka asubuhi na sweta la shule. Yote mawili ni kweli. Ukienda, utakutana na yote mawili, na ni vizuri ujue kabla.

Mwezi mgumu ni Novemba. Hapa kwetu jua huzama karibu na saa moja jioni mwaka mzima, hatulifikirii. Kule, ikifika Desemba, saa kumi na nusu jioni ni giza. Unaingia maktabani mchana na kutoka usiku, na hakuna mtu barabarani wa kumsalimu. Hakuna anayekuuliza umeamkaje. Na barua! Mambo yote ya serikali yanakuja kwa posta. Ukihamia chumba una wiki mbili kujiandikisha katika ofisi ya mji. Kila kaya hulipa ada ya redio na televisheni, yuro 18.36 kwa mwezi, hata kama huna televisheni. Barua ya bima, barua ya benki, barua ya kibali cha kukaa, kila moja na tarehe yake ya mwisho, kila moja kwa Kijerumani kizito. Hapo tena utaona: anayejua lugha anasoma barua na kulala. Asiyejua anailaza barua chini ya mto, na yeye mwenyewe halali.

Wazazi, hapa naomba niseme nanyi kwa adabu. Simu za kutoka nyumbani ni dawa, lakini nyingine ni mzigo. Mwanafunzi wa kigeni anaruhusiwa kufanya kazi siku 140 nzima au nusu siku 280 kwa mwaka, na anayefanya hivyo anatafuta kodi ya nyumba, hajatajirika. Nilimjua kijana mwenzetu wa Afrika Mashariki aliyekuwa akifanya kazi ghalani usiku ili atume pesa za mabati, kisha akasinzia semina asubuhi. Mtoto akiwa masomoni, mwacheni asome. Mabati yatakuja.

Nirudi kwenye uvumi, maana umeenea. Tarehe 13 Septemba 2024, mjini Berlin, Kenya na Ujerumani zilitia saini makubaliano kuhusu uhamiaji na ajira. Mara moja zikasikika habari kwamba Wakenya 250,000 wamepewa kazi. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani yenyewe ilikanusha: makubaliano hayo hayana idadi wala mgao wowote. Kinachosemwa ni kwamba mwenye sifa zinazotakiwa anaweza kuomba. Na sifa ya kwanza, mmeshaijua, ni lugha.

Hili linawahusu pia vijana ambao hawakupata alama za chuo kikuu. Ujerumani wana mafunzo ya kazi yanayochukua miaka miwili hadi mitatu na nusu: uuguzi, umeme, ufundi wa magari, upishi. Mwanagenzi hufunzwa kazini na shuleni, na hulipwa posho kila mwezi na mwajiri. Lugha inayotakiwa kwa kawaida ni B1 au B2. Kwa anayetaka chuo kikuu, ajue kwamba cheti cha KCSE pekee kwa kawaida hakimpi nafasi ya kuingia moja kwa moja. Mara nyingi hutakiwa mwaka mmoja wa maandalizi kule, wenye mtihani wake, au awe amekwisha anza chuo kikuu hapa. Hii ndiyo sababu nawashauri wengi: anza hapa, ufanye vizuri hapa, kisha utafute muhula au shahada ya pili kule.

Kwa anayetaka kuanza, hatua si za siri. Pata pasipoti, huhitaji kwenda Nairobi, kuna ofisi Kisumu na Eldoret. Anza A1 na ufanye mtihani unaotambulika. Soma matangazo ya ufadhili kutoka DAAD, shirika la Ujerumani la mabadilishano ya kitaaluma, ambalo lina ofisi Nairobi. Kuomba ufadhili wao hakulipiwi. Maombi ya vyuo vingi hupitia uni-assist, yuro 75 kwa chuo cha kwanza na 30 kwa kila cha ziada. Visa ya masomo ni yuro 75. Hizo ndizo ada halali, na zote zimeandikwa wazi. Na kama ni kazi, wala si masomo, hakikisha kampuni imesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira kabla ya kutoa hata shilingi.

Nina ombi kwa Serikali ya Kaunti, na naliweka hapa mbele ya maafisa wake. Vyuo vyetu vya mafunzo ya ufundi viko chini ya kaunti. Kijana wa Khunyangu anayetaka kujifunza Kijerumani leo analazimika kupanga chumba Kisumu au Nairobi, na kodi ya chumba hicho ndiyo inayomshinda, si lugha. Darasa moja la A1 katika chuo kimoja kwa kila kaunti ndogo, mwalimu mmoja anayezunguka, na ukumbi wenye intaneti wa kufanyia mazoezi, lingeokoa mashamba mengi kuliko onyo lolote la redioni. Basari zetu husaidia karo ya darasani. Tufikirie pia ada ya mtihani wa lugha kwa wale walioonyesha bidii.

Na kwa wazazi: mtoto akikuambia anataka Ujerumani, usimuulize kwanza nauli ni ngapi. Mwambie akusalimie kwa Kijerumani. Baada ya miezi mitatu, mwambie akueleze kwa Kijerumani alichofanya jana. Hutaelewa neno, lakini utamtazama uso. Kama anatafuta maneno na anayapata, mtoto huyo ameanza kulipa karo. Kama bado hajaanza, shamba lako likae lilivyo, mpande mahindi.